Usianze na "Ulipataje?": kwa wadogo zangu mnaoanza utafiti wa ulemavu na amani hapa Tanga

Kila mwaka masika yakikaribia kwisha hupigiwa simu za aina moja. Kijana anasoma shahada ya uzamili, mada yake ina neno amani na neno ulemavu, barua ya chuo anayo mkononi, na anakuja Tanga. Anaomba nimpeleke kwa waathirika. Nikimwuliza waathirika wa nini, husita kidogo, kisha hujibu: "Wa vita, dada. Au wa vurugu." Humwambia apande basi aje, ila dodoso alifungie begini siku mbili za kwanza.

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na minne, kwanza kama msaidizi wa utafiti anayelipwa kwa siku, sasa kama mratibu wa kazi za uwandani. Natembea kwa gongo tangu utotoni. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo laiti mtu angenikalisha barazani akanieleza kabla ya siku yangu ya kwanza Ngamiani. Siku hiyo nilimwamkia bibi mmoja asiyeweza kusimama, nikakaribishwa mkeka, nikafungua karatasi na kusoma swali la kwanza: "Bibi, ulemavu wako uliupataje?" Bibi akautazama mguu wangu, akanitazama usoni, akauliza: "Na wewe, mwanangu, wako uliupataje?"

Nilikosa la kusema. Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, na makondakta, na wauza madafu, na watu niliokaa nao kiti kimoja kwenye daladala, na halijawahi kuacha kuniuma. Na bado nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, namba moja, juu kabisa ya ukurasa.

Msidhani kosa lilikuwa la adabu tu. Swali hilo limebeba nadharia nzima, na mkilielewa vizuri mtakuwa mmeelewa kwa nini fani hizi mbili, ya amani na ya ulemavu, zinahitajiana na kwa nini zinapishana.

Mwaka 1969 Johan Galtung, Mnorwei aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo miaka kumi kabla ya hapo, aliandika makala ambayo hamtaikwepa darasani. Alisema vita vikikoma tunapata amani hasi tu. Kuna ukatili usiohitaji ngumi wala bunduki. Umo katika namna jamii ilivyopangwa, unafupisha maisha ya watu na hakuna wa kumkamata. Huo ndio ukatili wa kimfumo, na unapoondoka ndipo tunapata amani chanya. Miaka saba baadaye, mwaka 1976, huko Uingereza, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichojulikana kama UPIAS kilitoa waraka wake. Ulisema kwamba mguu usiotembea ni jambo moja, na kulemazwa ni jambo jingine: anayetulemaza ni jamii iliyojengwa kana kwamba hatupo. Mwaka 1983 Mike Oliver, msomi aliyetumia kiti mwendo, akalipa wazo hilo jina tunalolitumia mpaka leo, mtazamo wa kijamii wa ulemavu.

Ziwekeni hoja hizo mbili pamoja muone zinavyofanana. Mmoja aliuondoa ukatili kwenye ngumi ya mtu akauweka kwenye mfumo. Wengine waliuondoa ulemavu kwenye mwili wa mtu wakauweka kwenye mfumo ule ule. Ni hatua moja, iliyopigwa na watu ambao hawakuwa wakisoma maandiko ya wenzao. Kwa miaka mingi kila fani ilikaa kwake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una Kifungu cha 11 kinachotaja vita na majanga. Lakini Baraza la Usalama lilisubiri hadi tarehe 20 Juni 2019 ndipo likapitisha azimio namba 2475, la kwanza kuwahusu watu wenye ulemavu katika migogoro ya silaha. La wanawake, namba 1325, lilikuwa limepita tangu mwaka 2000.

Sasa turudi Tanga. Mnakuja mji ambao haujasikia mizinga kwa zaidi ya karne moja, katika nchi inayojiita kisiwa cha amani, na mnajiuliza utafiti wa amani utaupata wapi. Wengi huniomba mambo mawili: vita vya mwaka 1914, na makazi ya Chogo. Vyote viwili vina maana, basi niseme kidogo.

Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakashindwa na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, lililokuwa dogo zaidi kwa mbali. Kila mtu atakusimulieni habari ya nyuki waliowavamia wapiganaji. Mimi nawaomba mtafute kingine. Waliokufa siku zile wana makaburi na minara ya kumbukumbu. Kampeni iliyofuata iliburuta mamia ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wale waliotuachia jina la Kariakoo. Katika makaratasi niliyowahi kuyafungua nimekuta hesabu za waliokufa, na sijakuta orodha ya waliorudi kijijini na mguu mmoja. Mwanafunzi mwenye subira anaweza kuandika tasnifu nzima kutokana na pengo hilo: ni nani vita humhesabu, na ni nani humwacha nje ya hesabu kwa kuwa tu alibaki hai.

Chogo, wilayani Handeni, wanaishi Wazigua waliotoka Somalia. Mababu zao walichukuliwa kutoka pwani hii katika karne ya 19 na kupelekwa utumwani. Wajukuu wakarudi kwa kukimbia vita vya mwaka 1991, Kizigua chao kikiwa bado mdomoni. Serikali iliwapa ardhi, na wengi wakapewa uraia. Ukienda huko usije ukadhani kila gongo unaloliona limetoka Mogadishu. Mtu anaweza kuwa na jeraha la vita na akaishi nalo vizuri, kinachomfungia ndani kikawa umbali wa maji. Ukiuliza "ulipataje" atakusimulia vita, nawe utarudi umefurahi, umepata ulichokuja kukitafuta. Maji hutayasikia.

Lakini kama mnataka kuuona ukatili wa kimfumo kwa sura ya Tanga, nendeni kwenye mkonge. Zao lenyewe lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yaliyoujenga mji huu, reli na bandari. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha takribani tani 230,000 kwa mwaka. Waliokata walikuwa manamba: Waha, Warundi, Wamakonde, waliosajiliwa kwa namba na kukabidhiwa kipande cha kuhesabia siku. Wazee niliowahoji Muheza na Korogwe hawana picha nzuri ya korona, ile mashine ya kusaga majani. Jani linaingizwa kwa mkono, na mkono ukichelewa kuachia unazifuata nyuzi. Shambani ncha ya jani ina mwiba mgumu kama msumari, nao uko usawa wa jicho la mkataji aliyeinama.

Hakuna vita hapo. Hakuna aliyempiga mwenzake. Ila kuna mzee asiye na vidole vinne ambaye siku ile alipewa kitambaa na kurudishwa kambini, na tangu hapo hakuna ofisi iliyomjua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ulianza kazi mwaka 2015. Wazee wengi wa korona walikuwa wameshaondoka kazini kitambo. Nikiulizwa amani chanya ni nini, humfikiria mzee huyo kabla sijafikiria mkataba wowote.

Hapa ndipo pagumu, nami naomba mpasome polepole.

Galtung alipima ukatili kwa tofauti kati ya hali mtu aliyo nayo na hali ambayo angeweza kuwa nayo. Mfano wake ulikuwa kifua kikuu: mtu akifa kwacho karne ya 18, pengine hapakuwa na namna, akifa kwacho leo, dawa zikiwapo duniani, huo ni ukatili. Mimi nilizaliwa mwaka 1979. Chanjo ya polio ilikuwapo tangu mwaka 1955. Haikufika kijijini kwetu kwa wakati. Kwa kipimo hicho mguu wangu ni tokeo la ukatili, na ninakubali kabisa. Mama yangu hakustahili kunibeba mgongoni hadi darasa la tatu.

Ila kipimo hicho hicho kinaniambia kwamba mimi ni upungufu. Kuna mtu wa kufikirika, mimi niliyepaswa kuwa, mwenye miguu miwili imara, na mimi halisi nimesimama chini yake. Nani alimpima huyo wa kufikirika? Nimeishi maisha yangu yote katika mwili huu. Nimejifunza kazi nikiwa nao, nimeolewa nikiwa nao, nimezaa nikiwa nao. Mtafiti wa amani anaponyanyua picha yangu na kusema "tazameni ubaya wa ukatili", amenigeuza kielelezo. Watu hutazama, hunihurumia, halafu huchangia kampeni ya kupinga vita. Ngazi za ofisi ninayokwenda kufuata haki yangu hubaki zilivyokuwa.

Kwa hiyo mtabeba mambo mawili kwa mpigo, na yatawaelemea. Nataka kila mtoto apate matone. Nataka korona iwe na kinga, mabomu ya ardhini yafukuliwe, watu wenye ualbino walale bila hofu ya panga. Na wakati huo huo sitaki mtu yeyote aliyekwisha kuumia achukuliwe kama ushahidi wa hasara. Wapo waandishi wanaolikimbia la kwanza kwa kuogopa kuonekana wanaudharau ulemavu, na wapo wanaolisahau la pili. Ukiona sura ya tasnifu yako imekuwa laini, haina mvutano wowote, rudi uiangalie: huenda umeliacha moja njiani.

Lugha yetu nayo ina sehemu katika hili. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo: yote yamewekewa kiambishi cha ki-, pamoja na kiti na kisu. Lakini sikilizeni kitenzi kinachofuata. Tunasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Jina limempeleka mtu kwenye vitu, upatanisho ukamrudisha kwa watu. Mimi huliona hilo kama ubishi wa zamani sana ndani ya Kiswahili chenyewe, na sijui somo bora la kuanzia kwa anayetaka kuandika juu ya kile Galtung alichokuja kukiita, mwaka 1990, ukatili wa kiutamaduni. Hata ile "hujafa hujaumbika" tunayoambiana, isikilizeni vizuri. Inamkataza mtu kucheka, na hilo ni jema. Lakini inamkataza kwa kumtisha: usicheke, yatakufika. Mimi nimo ndani ya methali hiyo kama tishio.

Katika maandishi yenu tumieni mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino, mtu asiyeona. Zeruzeru msiandike. Lakini mzee akisema "mimi kiwete", msimsahihishe nyumbani kwake. Nukuuni alivyosema.

Sasa kazi yenyewe. Barua mtaifuatilia kama kawaida: kwa Katibu Tawala, halmashauri, mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa mtaa, na msiruke ngazi hata kama mna haraka. Nendeni pia kwenye vyama vyenyewe. Wasioona wana chama chao, viziwi wana CHAVITA, na shirikisho lao lote ni SHIVYAWATA. Nendeni mapema, mada ikiwa bado inaweza kubadilika, maana kwenda kuomba majina ya wahojiwa mada ikiwa imeshapitishwa ni kuwatumia tu.

Kwenye bajeti wekeni nauli ya bajaji na ya msindikizaji wa mhojiwa. Tanga ni mji wa baiskeli, tambarare, na mgeni hudhani kila mtu anafika popote. Aliyeko Pongwe akiitwa kikao Chumbageni anahesabu daladala mbili, na kondakta asiyetaka kusubiri.

Mkalimani wa lugha ya alama mlipeni, msimtumie ndugu. Nililijua hili kwa kuumia. Niliwahi kumhoji dada kiziwi kuhusu usalama wake nyumbani, kaka yake akitafsiri. Majibu yalikuja mafupi na mazuri: hana shida, anapendwa, analala vizuri. Mikono ya dada ilikuwa imesema mengi kuliko maneno hayo, na uso wake zaidi. Niliporudi baada ya wiki mbili na mkalimani kutoka nje ya familia, nilisikia habari nyingine kabisa, na aliyetajwa katika habari hiyo ndiye aliyekuwa akitafsiri mara ya kwanza. Data ya siku ile ya kwanza niliifuta. Ila nusura niiandikie ripoti.

Kuna siku utaonyeshwa, au utasikia tu kwa sauti, mtoto aliyefungiwa chumba cha nyuma. Hapo utafiti unasimama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, afisa ustawi wa jamii yupo, nawe una wajibu wa kutoa taarifa hata kama mahojiano yako yatakwama. Lakini kabla hujaandika neno katili mbele ya jina la mama, kaa naye. Mmoja niliyekaa naye alikuwa akitoka saa kumi alfajiri kwenda kununua samaki soko la Deep Sea awakaange auze. Baba aliondoka. Bibi wa mtoto alishafariki. Shule yenye kitengo cha mtoto wake ni ya mbali, na jirani aliyewahi kumwachia hakumtendea vizuri. Mlango aliufunga yeye kwa mkono wake, na mtoto aliumia kweli, sipunguzi hilo hata kidogo. Halafu jiulizeni kufuli lile lilinunuliwa na watu wangapi. Utafiti wa amani unawapa swali hilo la wahusika wasioonekana. Fani ya ulemavu inawakataza kuliuliza kwa niaba ya mama peke yake, kana kwamba mtoto hana la kusema. Mtoto yule alikuwa na miaka tisa. Alinionyesha kwa kidole dirisha, akaonyesha na upande alikotaka lifunguke.

Angalieni pia vikao vinavyoitwa vya amani. Tuna kamati za amani za viongozi wa dini, mabaraza ya kata, mikutano ya mitaa kabla ya uchaguzi. Chukueni daftari mhesabu nani yupo. Niliwahi kualikwa kwenye warsha ya ujenzi wa amani iliyofanyika ukumbi wa juu ghorofani, bila lifti. Rafiki yangu anayetumia kiti mwendo alibebwa na vijana wawili, akapigiwa makofi alipofikishwa juu, na mchana akajinyima maji mwenyewe, kwa kuogopa kubebwa tena kwenda chooni. Siku nzima ilizungumzwa amani jumuishi. Azimio 2475 linataka watu wenye ulemavu washiriki kuzuia migogoro na kujenga amani, siyo kulindwa tu. Kwa Tanga naanzia kwenye ngazi zile.

Baada ya bibi wa Ngamiani nilibadilisha swali langu la kwanza. Sasa huuliza: "Wiki iliyopita, ulitaka kwenda wapi ukashindwa?" Mmoja atasema mazishini. Mwingine msikitini, mwingine polisi, mwingine kwa dada yake Pangani. Mwingine atasema hakutaka kwenda popote, na huyo mpe muda mrefu zaidi, maana pengine ameacha kutaka. Kutoka hapo habari ya chanzo huja yenyewe ikiwa mtu anataka kuitoa, nayo huja na mahali pake panapostahili. Vita vikiwamo, vitatajwa.

Na rudini. Mji wetu umepewa sifa ya waja leo waondoka leo, na watafiti wameishi sifa hiyo kuliko mabaharia. Nilipomaliza kazi ya wazee wa mkonge nilirudi Muheza na ripoti iliyochapwa kwa herufi kubwa, nikamsomea mzee mmoja kurasa zake, mjukuu akiwa pembeni na kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeandika "mwathirika wa ajali ya kiwandani". Mzee alininyamazisha kwa mkono wenye kidole gumba peke yake. "Hapo futa," akasema. "Andika mtu wa korona. Miaka kumi na tisa nimeishika mashine ile, siku moja tu ndiyo ilinishika." Mjukuu akafuta, akaandika juu yake. Nakala hiyo ninayo mpaka leo. Ina masahihisho kumi na moja, na hilo ndilo la kwanza.